Tarakimu ya Nne ya Marehemu Amuri

Watu wanadhani kuyatia magonjwa namba ni kazi ya karani yeyote mwenye kalamu. Dhana hiyo nimeichukia miaka yote. Karani yeyote anaweza kuandika "homa". Kujua kama homa hiyo ni 084.0, malaria, au 780.6, homa tu, hapo ndipo karani na Bolamba wanapoachana njia.

Bolamba ni mimi. Nilibatizwa Cyprien kule Yanonge, lakini tangu serikali ikataze majina ya watakatifu, Cyprien anakaa chini ya kitanda pamoja na tai yangu, nayo ilikatazwa. Wakati wa mambo haya, mwaka wa themanini na tatu, nilikuwa mkubwa wa ofisi ya takwimu katika hospitali moja ya Kisangani. Sitaitaja, kwa sababu wengi wa waliokuwamo bado wako hai na wana midomo. Ofisi ilikuwa na meza mbili, mashine moja ya kuchapa, na Citoyenne, yaani Mwananchi, Lifenya aliyeitumia. Mlango ukifungwa nilimwita Odile, naye aliniita Papa Tisa.

Jina hilo lazima nilieleze, maana ndilo shina la yote.

Kitabu chetu kilitoka Geneva, kikapita Kinshasa, kikapanda mto kwa bateau hadi kwetu kikiwa kimelowa pembe moja. Vilikuwa vitabu viwili. Cha kwanza ni orodha yenyewe, namba baada ya namba, na cha pili ni fahirisi: unatafuta jina la ugonjwa kwa alfabeti, kinakupa namba. Niliitwa Kinshasa majuma mawili kufundishwa kuvitumia, na sheria ya kwanza ilikuwa hii: usiiamini fahirisi peke yake. Ukishapata namba, rudi kwenye orodha uhakikishe, kama mtu anayeoa haulizi mshenga tu, anakwenda mwenyewe kumwona binti.

Namba yenyewe imejengwa hivi. Tarakimu tatu, nukta, kisha tarakimu ya nne. Zile tatu zinakuambia ugonjwa ni wa ukoo gani. Ya nne inakuambia ni mtoto yupi wa ukoo huo. Na mara nyingi ya nne ikiwa tisa, maana yake ni: haikutajwa. Ukoo tunaujua, mtoto hatumjui.

Mimi nilikuwa mpenzi wa tisa. Sheria ya pili ilisema kwamba mtia namba haandiki anachokijua, wala alichokiona, wala alichosikia sokoni. Anaandika kilicho kwenye karatasi ya daktari, basi. Na madaktari wetu waliandika kama watu wanaokimbia mvua. "Pumu." Pumu gani? Kimya. 493.9. "Upungufu wa damu." Upungufu upi? Kimya. 285.9. Mwisho wa mwezi ripoti yangu ilikuwa na tisa nyingi kuliko kunguni kwenye vitanda vyetu, na kila tisa ilikuwa halali.

"Papa Tisa," Odile aliniambia siku moja, "siku ya hukumu Mungu akikuuliza ulifanya nini huku dunia, utamujibu: haikutajwa."

Nilimwambia kwamba Mungu mwenyewe angeomba kwanza kuona karatasi ya daktari.

Sasa nije kwa Amuri. Amuri alikuwa fundi viatu wa Mangobo, Mwislamu, mtu mpole, wazee wake walitoka Maniema zamani na hawakurudi. Mwezi wa tatu wa mwaka ule mgeni mkubwa alikuja kutoka Kinshasa, na mgeni mkubwa hakuwa anapokewa kwa mikono mitupu. Alipokewa kwa animation, yaani nyimbo na dansi za kulisifu taifa, kila mtaa na kila ofisi na kundi lake, wote wamevaa kitambaa kimoja cha Chama. Tuliamriwa kuwa kwenye uwanja wa mpira saa moja asubuhi. Ndege ya mgeni ilitua saa nane mchana. Kati ya hapo tulicheza, tukapumzika tukiwa tumesimama, tukacheza tena. Hospitali yote tulikuwako, kwa amri. Wagonjwa waliachiwa mlinzi wa geti.

Saa nane na nusu Amuri alianguka. Walimbeba juu ya benchi la uwanjani hadi hospitalini, wakamkuta yule mlinzi. Daktari alifika sherehe ilipoisha, akampima, akafanya alichoweza, na saa kumi na moja Amuri akafa. Alizikwa kesho yake asubuhi kwa taratibu za dini yao.

Karatasi ya daktari ilinifikia siku ya tatu. "Alikufa. Sababu haijulikani." Daktari wetu alikuwa kijana mwenye akili na mke mwenye mimba, na nani angeandika kwamba mtu amekufa kwa kumchezea mgeni wa taifa? Sikumuuliza. Nilifungua fahirisi, nikarudi kwenye orodha, nikahakikisha, nikatia 799.9. Odile akachapa hati ya kifo na maneno ya kitabu chini ya namba: "Sababu nyingine, isiyojulikana wala kutajwa." Nikapiga muhuri, nikaenda kula pondu, kisamvu chetu.

Wiki tano baadaye, siku ya Jumatatu, mwanamke aliingia ofisini akiwa amejitanda nguo nyeupe toka kichwani. Nilijua yuko katika eda, na mjane wa Kiislamu aliye katika eda hatoki nyumbani kwa jambo dogo.

"Papa, jina yangu iko Sikujua," alisema. "Muke ya Amuri, ule fundi wa viatu."

"Pole sana, mama. Kaa."

Hakukaa. "Karatasi yenu inanifukuza kwa nyumba."

Nilimwambia karatasi yetu haimfukuzi mtu, ni hati ya takwimu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaeleza. Amuri alikuwa na kaka, Yakubu. Yakubu aliichukua hati akaisoma mbele ya ukoo wote, kwenye mikeka ya matanga. Akasema: serikali yenyewe, na kitabu ya Bazungu, banasema haijulikani. Kitu Bazungu habajue, ile iko kitu ya nyumbani. Na nani alikuwa nyumbani? Mke.

"Sasa banasema ndoki, mchawi, ni miye," Sikujua alisema. "Jumamosi iko arobaini. Siku ile familia itakaa, banitoe kwa parcelle, kwa kiwanja na nyumba. Batoto batatu banabaki kwa Yakubu. Wa mwisho angali ananyonya, papa."

Nitakiri kwamba kitu cha kwanza kilichoniuma hakikuwa watoto. Kiliniuma kitabu. Mtu anachukuaje tisa yangu, tisa halali, akaifanya hirizi?

"Mama," nilisema, "tisa haina maana ya uchawi. Tisa ni sayansi ikiwa na unyenyekevu. Inasema: hatujui, kwa hiyo tunanyamaza."

"Kwa Mangobo mutu akinyamaza, bengine banasema kwa nafasi yake."

Odile aliacha kuchapa.

"Wewe unasema alikufa na nini?" nilimuuliza.

"Na jua, na kiu. Alikuwa ametoka kwa malaria siku mbili tu. Alimwomba Yakubu amuache nyumbani. Yakubu ndiye chef wa animation kwa avenue yetu, yeye anashika firimbi. Akasema, ndugu ya chef akikosa, batu batasema nini? Donc akaenda."

"Kuna shahidi wa aliyoyapata uwanjani?"

Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Bashahidi iko elfu mbili, papa. Kila mutu alikuwa anaimba."

Alipoondoka, Odile hakurudi kwenye mashine. Alivua miwani, na Odile akivua miwani ujue unahukumiwa.

"Sheria ya tatu inasema nini, Papa Tisa?"

Sheria ya tatu niliijua vizuri sana, ndiyo maana sikuwa nimeitumia hata siku moja. Inasema karatasi ikiwa haitoshi, mtia namba airudishe kwa daktari na swali kwa maandishi. Tulikuwa na fomu mia mbili za maswali hayo kwenye kabati, na bado zilikuwa zimefungwa kamba ya kiwandani.

"Daktari atakasirika," nilisema.

"Atakasirika. Alafu?"

Niliikata kamba. Nikaandika swali langu kwa Kifaransa kizuri, kirefu, lenye kuomba radhi mara mbili kabla ya kuuliza, nikampelekea mwenyewe.

Daktari alilisoma, akaenda kufunga mlango, akalisoma tena. "Citoyen, mwili ule ulikuwa na digrii arobaini na mbili. Ngozi kavu kama karatasi. Unaniuliza leo kitu ambacho ulitakiwa kuniuliza wiki tano zilizopita."

"Ulitakiwa kukiandika wiki tano zilizopita, dokta."

Alicheka kidogo bila furaha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mhenga aliyesema hivyo hakusema kifo kinamuumbua nani, mgonjwa au daktari. Akachukua kalamu akaandika: "Coup de chaleur." Mshtuko wa joto. "Bon. Joto si siasa," alisema. "Swali lako limetimia?"

"Nusu. Ajali na vitu vya nje vinataka namba mbili. Moja ya kilichotokea ndani ya mwili: hiyo sasa tunayo, 992.0. Nyingine yenye herufi E, ya kilichotoka nje kikamfikia. Na kwa maiti, hiyo E ndiyo inayotangulia."

"Mimi natibu ndani ya mwili," daktari alisema, akanirudishia kalamu ambayo ilikuwa yake. "Nje ya mwili ni ofisi yako."

Nilirudi kwenye meza yangu nikafungua E900, joto la kupita kiasi. Chini yake palikuwa na mistari mitatu, nikamsomea Odile. Nukta sifuri: kutokana na hali ya hewa. Nukta moja: lenye asili ya binadamu. Nukta tisa: asili isiyotajwa.

"Andika moja," Odile alisema papo hapo.

"Moja imewekwa kwa ajili ya tanuri na vyumba vya mashine. Joto ambalo mtu amelitengeneza."

"Na ule uwanja ulitengenezwa na nani? Na mvua?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu tarakimu ya nne ilininyima usingizi. Tisa ilikuwa imeshafanya kazi yake na nimeiona. Moja, nikiiandika mimi, ingefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hapa mjini wangeniita kunihoji: binadamu yupi huyo, Citoyen Bolamba, aliyeleta joto mbele ya mgeni wa taifa? Na kule Mangobo wangesoma "asili ya binadamu" wakapiga vigelegele: si tulisema kuna mtu? Namba ileile ingemkamata mtia namba mjini na mjane mtaani. Ilibaki sifuri, jua. Jua halina kadi ya Chama wala ukoo. Lakini Yakubu angeikubali? Nilimsikia kabisa kichwani: jua liliwaka juu ya watu elfu mbili, kwa nini lichague mdogo wangu? Kitabu hakina safu ya "kwa nini huyu". Nimeitafuta.

Hapo ndipo nilipoona kwamba sifuri nikiipeleka mimi ataitupa. Lazima aiombe mwenyewe.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, nikiwa bado na matope ya mtaro kwenye viatu, nilikifunga kitabu cha orodha ndani ya taulo nikatembea hadi Mangobo. Kwa Amuri walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, wazee upande mmoja, wanawake upande wa jikoni, chai na mikate vinapitishwa. Mjane Sikujua alikuwa mlangoni, ndani ya kivuli, mtoto mdogo kifuani. Kando yake palikuwa na mfuko wa nguo uliofungwa tayari. Sikuweza kutambua kama alikuwa ameufunga yeye au walimfungia.

Yakubu alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya uwanjani hata akiomba sukari. Firimbi ilikuwa shingoni mwake. Nadhani alilala nayo.

"Karibu, papa wa hospitali," alisema. "Tuko karibu kumaliza."

"Sitakaa sana. Hati ya ndugu yako haijakamilika. Daktari ametupa ugonjwa sasa, ni mshtuko wa joto. Imebaki tarakimu moja, na ya kifo kama hiki hatuiandiki bila mkubwa wa familia."

Hiyo ya mwisho ilikuwa uongo mtupu. Kitabu hakisemi hivyo. Mungu anisamehe, na Geneva pia.

Nilifungua taulo, nikakiweka kitabu kwenye mkeka, na wazee wakasogea. Watu wetu wanaheshimu kitabu kinene. Nikaeleza polepole mistari mitatu: sifuri ni joto la jua, moja ni joto lililoletwa na mtu, tisa ni haijulikani.

"Tisa tunayo tayari," Yakubu alisema haraka. "Iache."

"Tisa ilikuwa ya kusubiri daktari aseme, na sasa amesema. Nikiiacha Kinshasa watairudisha, na safari hii wataituma na mtu wa kuuliza."

Shangazi yao, mama mzee mwenye ushungi wa kijani, aliinua kidole. "Ile ya moja. Iliyoletwa na mutu. Si ndiyo tulisema? Lisemwalo liko."

Wanawake wakaguna kukubali. Niliona mkono wa Sikujua ukimkaza mtoto. Niliogopa kweli wakati ule, maana kama hesabu yangu ilikuwa mbaya basi nilikuwa nimekuja kumchimbia shimo kwa mikono yangu.

"Inawezekana, mama," nilimwambia shangazi. "Tukichagua moja, kitabu kinataka vitu viwili tu. Kwanza mahali. Mahali tunapajua, ni uwanjani, namba nne, pa michezo na burudani. Pili, jina la mtu aliyeleta joto. Na lazima awe alikuwa hapo uwanjani, karibu na marehemu, na marehemu alikuwa chini ya amri yake. Jina hilo linakwenda Kinshasa pamoja na namba."

Ile ya pili pia ilikuwa uongo. Mahali ndiyo ilikuwa kweli.

"Huyu Sikujua alikuwa uwanjani," shangazi alisema.

"Alikuwa wapi?"

"Mustari ya banamuke. Nyuma, nyuma kabisa."

"Nani alikuwa mbele ya Amuri?"

Mzee mmoja alikuwa anachovya mkate kwenye chai, akausahau humo. Macho yalikwenda moja baada ya jingine kwenye firimbi, bila haraka, na Yakubu akaifunika kwa kiganja kama mtu anayeona kifua kinamuwasha.

"Nani alimtoa kitandani?" nilisema. "Sitaki ugomvi, natafuta jina tu. Kuna mstari wa kuandika."

Nilitoa kalamu, ileile ya daktari, nikaishika juu ya karatasi.

Yakubu alikohoa. Sauti iliyotoka haikuwa ya uwanjani. "Papa, siku ile jua ilikuwa kali."

"Ilikuwa kali."

"Kali sana. Hata miye, kichwa ilizunguka. Na ndugu yangu alikuwa na malaria, mwili haina nguvu. Alors, jua ikipata mutu wa vile…"

"Unasema jua?"

"Nasema jua. Mapenzi ya Mungu na jua. Andika sifuri."

"Shangazi alisema kuna mtu."

"Shangazi iko mzee," Yakubu alisema, na shangazi akajifunika ushungi. "Hakuna mutu. Andika sifuri, papa, mbele ya wazee wote. Hakuna mutu aliyefanya kitu."

Niliandika E900.0. Akatia sahihi chini yake, herufi kubwa kubwa, na wazee wawili wakaweka dole gumba. Baada ya hapo mjane hakuweza kuwa mchawi wa jua. Mzee wa mkate aliyasema hayo kwa ufupi: kama hakuna mutu, hakuna ndoki, na kama hakuna ndoki, mama wa batoto anabaki na batoto. Mmoja wa wanawake akaenda akaufungua ule mfuko wa nguo.

Nilifunga kitabu changu. Sitasema sikujivuna. Nilijiona mtia namba wa kwanza katika mkoa mzima aliyeokoa nyumba kwa tarakimu moja.

Sikujua alinisindikiza mpaka kizingiti, maana eda yake haikumruhusu zaidi. Mtoto alikuwa amelala.

"Aksanti, papa. Nyumba imebaki."

"Jua, mama. Ni jua."

"Ndiyo. Jua." Alimweka mtoto vizuri begani. "Alianguka mara mbili. Mara ya kwanza alipiga magoti, akaomba maji. Yakubu akamwambia, ngoja wimbo iishe, wageni banatuangalia. Ile wimbo iko na mistari mirefu, unaijua. Miye nilikuwa na chupa ya maji, kwa kikapu, kwa miguu yangu hapa. Nilimuona. Nikasema na roho yangu, iishe kwanza. Nikaimba mpaka mwisho." Hakulia. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayetoa anwani. "Kwa kitabu yenu, ile iko namba?"

Ningeweza kumwambia nitatafuta. "Hakuna, mama."

"Na weye, papa? Siku ile ulikuwa wapi?"

Sheria ya pili inasema mtia namba haandiki alichokiona. Ni sheria nzuri sana, nimeishi ndani yake kama ndani ya nyumba ya matofali. Lakini haisemi lolote juu ya mtu anayeulizwa kizingitini.

"Mstari wa tatu," nilisema. "Hospitali tulipangwa nyuma ya avenue yenu."

"Ulimuona akipiga magoti?"

"Nilimuona."

"Uliimba?"

"Niliimba."

Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyekuwa nalo jibu tangu Jumatatu. Akasema pole na kazi, akaingia ndani kwa watoto wake.

Mwezi wa tisa barua ilitoka Kinshasa. Ilisema kwamba katika mkoa wetu wote hospitali yetu peke yake ndiyo iliyotia namba ya sababu ya nje hadi tarakimu ya mwisho, pamoja na mahali, na kwamba usahihi huo ni wa kuigwa. Walinukuu mfano: E900.0, hali ya hewa, mahali pa michezo na burudani. Daktari aliitia sahihi yake pembeni kuonyesha kwamba ameisoma.

Odile aliibandika ukutani, mkabala kabisa na kiti changu, akarudi kwenye mashine yake. Siku ile ya mgeni yeye alikuwa mstari wa pili, pamoja na wauguzi. Mstari wa kwanza wa hospitali, karibu na Amuri kuliko sote, tuliwaweka madaktari.